Zahanati ina nyota tatu, mbona watu wanaipita?

Swali limetoka kwa diwani mmoja wa viti maalumu, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo daktari. Kwenye baraza tunaonyeshwa kwa projekta kwamba chanjo wilayani ni asilimia 112, dawa zinapatikana kwa asilimia 90 na kitu, na zahanati ya kwetu imepewa nyota tatu. Lakini mimi naishi pale pale, naona wanawake wanapanda bodaboda wanaipita hiyo zahanati wanaenda hospitali ya wilaya, na wengine hawaendi popote. Nani anadanganya hapa? Na serikali inajuaje kwa nchi nzima kama huduma ya afya ya msingi inawafikia watu, na kama ikiwafikia ni nzuri?"

Marahaba mheshimiwa, na hongera kwa kuzisoma hizo slaidi manake wengi kipengele cha afya kikifika wanakuwa wanasikilizia chai.

La kwanza nikujibu haraka: inawezekana kabisa hakuna anayedanganya. Ila angalia hizo namba zimetoka wapi. Zote tatu zimetoka ndani ya jengo, kwenye rejista, kwenye stoo ya dawa, kwenye karatasi ya wakaguzi waliokuja wakaangalia kuta na makabati. Mtu ambaye hakuingia mlangoni hayumo humo, na aliyeingia ameandikwa kwamba alikuja, haikuandikwa kama alitibiwa inavyotakiwa. Wewe uko barabarani unawaona wanaopita na bodaboda. Mnatazama watu tofauti, ndo maana hamkubaliani.

Tuanze na huku kufika, manake hapa ndo nchi imeweka nguvu nyingi. Mwaka 1978 dunia ilikutana Alma-Ata wakakubaliana afya ya msingi iwe ndo mlango wa watu wote, na sisi Tanzania wakati huo tulishaanza kujenga zahanati vijijini tangu baada ya Azimio la Arusha, halafu mwaka 2007 ukaja ule Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) uliosema kila kijiji zahanati na kila kata kituo cha afya. Ukishasema hivyo kipimo chako kinakuwa rahisi, unahesabu majengo, unagawanya kwa vijiji, unapata asilimia. Kipimo kingine ni kilomita 5, yaani wananchi wangapi wanaishi ndani ya kilomita 5 kutoka kituo cha huduma.

Sasa hizo kilomita 5 nyingi zinapimwaje? Mtu anakaa na ramani kwenye kompyuta, anaweka nukta pale ilipo zahanati, anazungusha duara. Duara haliogopi mto. Nimewahi kufanya kazi sehemu ambayo kijiji kilikuwa ndani ya duara vizuri kabisa, kama kilomita tatu hivi ukinyoosha rula, lakini katikati kuna mto na mwezi wa nne hakuna anayevuka, watu wanazunguka karibu nusu siku au wanasubiri maji yashuke. Kwenye ripoti ya taifa hao wamefikiwa. Siku hizi kuna wataalamu wanaopima kwa dakika za kutembea, wanaingiza mito na milima na barabara kwenye hesabu, na hicho ni kipimo bora zaidi ya duara, nakushauri ukisikia namba ya umbali uulize ni duara au ni dakika, na ni dakika za kiangazi au za masika.

Na hata mtu akifika, mlango uko wazi? Nakumbuka ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa kila kituo, iliyotoka 2014 inataka zahanati iwe na watumishi 15 hivi. Ukienda zahanati ya kijijini unakuta wawili, ukibahatika watatu, mmoja kaenda mjini kufuata dawa au kuitwa semina, mwingine alikesha na mama anayejifungua, sasa jengo lipo, liko ndani ya duara, na pale pana benchi na watu wamekaa wanasubiri. Ndo maana zile tafiti za Benki ya Dunia zinazofanyika Afrika, moja ilifanyika hapa kwetu 2014, wanamtembelea mtumishi bila kumwambia siku ya kuja, wanaangalia nani yupo na nani hayupo. Ni kipimo kidogo tu lakini kinasema mengi kuliko idadi ya majengo.

Halafu kuna hela. Sera inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 hawalipi, lakini wote tunajua maana ya "dawa hii hapa hatuna, kaangalie duka la pale nje". Sasa tuna sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 na naona kabisa tunakoelekea, kwamba tutaanza kuhesabu kadi kama tulivyohesabu majengo, mwenye kadi amefikiwa. Kadi kwenye dirisha la dawa lisilo na dawa ni kitambulisho tu.

Mwaka ule ule wa 1978 kuna mtaalamu mmoja wa Shirika la Afya Duniani anaitwa Tanahashi aliandika kitu ambacho mpaka leo ndo ninachotumia kuwafundisha vijana. Alisema usiulize huduma imefikia watu wangapi, uliza kwa ngazi: huduma ipo? mtu anaweza kuifikia? anaikubali? ameitumia? na mwisho kabisa, imemsaidia? Kila ngazi watu wanapungua. Tuseme una wajawazito 100 katani kwako. 90 wana zahanati jirani. Kati yao 80 siku wanayoenda wanamkuta mtu. Wanaokubali kuhudumiwa na huyo mtu, labda anawafokea, labda ni kijana wa kiume na wao wanaona haya, wanabaki 70. Waliorudi mara zote zinazotakiwa 50. Waliopimwa presha, damu na mkojo na wakapewa kila walichotakiwa kupewa, 30. (Hizi namba nimetunga mimi kukuonyesha hesabu, usiende nazo barazani.) Projekta itakuonyesha 90, manake ndo rahisi kupata. Wewe kijijini unakutana na wale 70 waliodondoka njiani.

Sasa hiyo asilimia 112.

Kwenye vikao nimeona watu wanaipigia makofi. Ukichanja watoto 112 kati ya 100 maana yake umechanja watoto 12 ambao hawapo, au hesabu yako ya watoto waliopo siyo sahihi, na mara nyingi ni hiyo ya pili. Chanjo zenyewe zinahesabiwa zahanati, muuguzi anapiga mstari kwenye karatasi ya tali, mwisho wa mwezi anajumlisha, inapanda wilayani inaingizwa kwenye ule mfumo wa kompyuta wa DHIS2 ambao tumeutumia nchi nzima tangu kama 2013. Hiyo ni namba ya juu. Namba ya chini, yaani watoto wote wanaotakiwa kuchanjwa, haihesabiwi na mtu yeyote kijijini, inatoka kwenye sensa, halafu kila mwaka inaongezwa kwa kiwango cha ukuaji. Mwaka 2012 tulikuwa kama milioni 45, sensa ya 2022 ikatukuta 61,741,120. Kwa taifa zima ukikadiria katikati hapo hukosei sana, lakini kwa wilaya moja unaweza kukosea vibaya, manake watu hawaongezeki sawasawa, dhahabu inagunduliwa mahali mwaka mmoja watu wanahamia maelfu, wafugaji wanahama na mifugo, halmashauri inagawanywa mbili na kila mtu anagombania vijiji. Wilaya iliyopokea wageni inapata 112, iliyoondokewa inapata 70 na mganga mkuu wake wa wilaya anafokewa, kumbe wote wawili wamefanya kazi ile ile.

Na watoto wa jirani nao wanakuja kuchanjwa kwako kwa sababu zahanati yako iko karibu na mnada. Huo siyo udanganyifu. Udanganyifu upo pia, tusifichane, nimeshakaa na rejista ya wajawazito kwenye kituo kimoja nikakuta presha ya kila mama ni 120 kwa 80, ukurasa mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, na mashine ya presha ilikuwa mbovu tangu mwaka uliopita. Yule dada hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake, mama 40 nje, na kitabu cha MTUHA (ule mfumo wa taarifa za huduma za afya) kina safu nyingi kuliko uzi kwenye kitenge na wasimamizi wakija wanauliza kwanini hakijajazwa, hawaulizi mashine iko wapi. Kwahiyo alijaza.

Ndo sababu nchi haiwezi kutegemea rejista peke yake na kila miaka kadhaa Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapita nyumba kwa nyumba. Pale anaulizwa mama mwenyewe, yule aliyekwenda na yule asiyekwenda, wanaomba kadi ya kliniki waione kwa macho. Ukitaka kujua kama asilimia 112 ni ya kweli linganisha na huo utafiti wa kaya wa mkoa wako. Ubaya wake ni kwamba unakuja kila baada ya miaka kama mitano sita na unaishia ngazi ya mkoa, haujui kata yako ipo.

Na huu utafiti wa kaya ndo una namba mbili ambazo mimi zinaninyima usingizi. Mwaka 2015-16 akina mama waliojifungulia kwenye vituo vya huduma walikuwa asilimia 63. Mwaka 2022 wakawa 81. Hayo ni mafanikio makubwa mno kwa miaka saba, mtu asikuambie vingine, watu wamefika. Sasa angalia vichanga, wale wanaokufa kabla ya kutimiza siku 28. Mwaka 2015-16 walikuwa 25 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Mwaka 2022 walikuwa 24.

Soma tena hapo. Akina mama wengi wamehama kutoka kujifungulia nyumbani kwenda kituoni na vifo vya vichanga vimebaki pale pale. Watoto wa chini ya miaka 5 kwa ujumla vifo vimeshuka vizuri, kutoka 67 hadi 43, manake huko chanjo na chandarua na dawa ya mseto ya malaria vinafanya kazi hata kama tabibu si hodari sana. Lakini kichanga kinachozaliwa hakilii kinataka mtu anayejua kushika mfuko wa kupumulisha ndani ya dakika moja, na huo mfuko uwe kwenye meza siyo umefungiwa kwenye kabati la mganga mfawidhi ambaye kalala. Hapo kufika peke yake hakuokoi.

(Vifo vya akina mama navyo mnaonyeshwa vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa vizazi hai 100,000. Mwelekeo wa kushuka naukubali, ila jua hiyo namba inapatikana kwa kumuuliza mwanamke habari za dada zake wa tumbo moja, nani yuko hai nani alifariki na alifariki vipi, kwahiyo inazungumzia miaka mingi ya nyuma na ina upana mkubwa wa makosa juu na chini. Usiitumie kumsifia wala kumgombeza mtu kwa mwaka mmoja.)

Sasa ubora. Nyota tatu zako.

Tathmini ya nyota ilianza 2015/16 wakati wa ule mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ikapita karibu vituo vyote vya msingi Tanzania Bara, vya serikali na vya binafsi, kama 7,000 hivi (Zanzibar wana wizara yao na utaratibu wao). Na matokeo ya kwanza yalikuwa ya aibu kweli: kama theluthi moja ya vituo vilipata sifuri, hata nyota moja hawana, na vilivyofika nyota tatu kwenda juu vilikuwa kama asilimia 2. Tuliporudi 2017/18 sifuri zilishuka mpaka kama asilimia 4 na wa nyota tatu wakapanda kukaribia asilimia 20. Lengo lilikuwa 80 kwahiyo hatukufika, ila mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wanabeza hii kitu mwanzoni na nikabadilisha mawazo, kwa sababu moja. Ilipita kote. Haikuchagua sampuli. Mganga wa zahanati ya mwisho kabisa wa barabara alijua kuna mtu atakuja na karatasi, na watu walianza kuchimba shimo la kondo la nyuma na kuweka maji ya kunawa na kubandika mkataba wa huduma kwa wateja ukutani. Huwezi kusema hayo hayana maana, mama anayejifungulia kwenye chumba kisicho na maji anajua yana maana.

Lakini angalia vinavyopimwa. Tangu 1966 kuna Mmarekani mmoja, Donabedian, aliyetufundisha kugawa ubora mafungu matatu: vilivyopo, vinavyofanyika, na vinavyotokea. Nyota kwa sehemu kubwa ni vilivyopo. Jengo, choo, maji, vifaa, dawa, mwongozo wa matibabu, mikutano ya kamati. Ni kama kwenda kwa mama ntilie ukahesabu sufuria, ukakuta mkaa upo, mchele upo, mwiko upo, ukaandika chakula ni kitamu. Hujaonja.

Kuonja ni kazi ngumu na ya gharama, kuna njia tatu ninazozijua.

Ya kwanza ni kukaa chumbani. Utafiti wa 2014-15 wa utoaji huduma ulitembelea vituo 1,188 Bara na Zanzibar, mtafiti anakaa kona anatazama tabibu anavyomhudumia mtoto mgonjwa au mjamzito, anatiki kila hatua, halafu akitoka nje anamuuliza mama ameambiwa nini. Mtoto ana kikohozi na anahema haraka, mwongozo unasema hesabu pumzi zake dakika nzima, kama ana miezi 2 hadi 11 zikifika 50 au ana mwaka na zaidi zikifika 40 ni nimonia, haitaki mashine, inataka saa na dakika moja ya utulivu. Hilo ndo jambo linalorukwa sana. Watafiti walichukua takwimu za aina hii za nchi saba za Afrika, sisi tumo na Kenya na Uganda na Rwanda wamo, wakakuta kwa mtoto mgonjwa watabibu wanafanya kama nusu tu ya hatua za msingi. Nusu. Na hizo ni siku ambazo mtu amekaa kona anawatazama!

Hilo la kutazamwa usilipite haraka. Kuna watafiti wawili, Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, walifanya kazi hii mkoani Arusha miaka ya 2000, wakagundua kitu kizuri sana. Timu ikifika tabibu anabadilika, anauliza maswali yote, anapima, anaeleza. Halafu wagonjwa kama 10 hadi 15 wakishapita anasahau kwamba anatazamwa na anarudi kwenye mwendo wake wa kila siku. Ndo kusema anajua. Hakuwa mjinga, alikuwa na ujuzi wote kichwani na hautumii. Na ukimpeleka mtu kama huyo kozi ya wiki mbili unatibu ugonjwa ambao hana, na hivyo ndo tunavyofanya mwaka hadi mwaka, semina, posho, cheti, anarudi yule yule.

Njia ya pili inapima hicho kilicho kichwani, unamsimulia tabibu mgonjwa wa kubuni, ana kikohozi wiki tatu anatoka jasho usiku, yeye anakuuliza maswali kama vile mgonjwa yupo mbele yake na mwisho anasema ni nini na atampa nini. Kwenye ule utafiti wa Benki ya Dunia wa 2014 nilioutaja juu walitumia magonjwa ya kawaida kabisa, kuhara kwa mtoto na upungufu wa maji, nimonia, kifua kikuu, kisukari, malaria na upungufu wa damu, na watabibu wetu walipatia kama asilimia 60. Ukiweka pamoja njia ya kwanza na hii ya pili unapata pengo kati ya anachokijua na anachokifanya, na mimi nadhani hilo pengo ndo namba ambayo taifa lingetakiwa kulifuatilia kuliko zote, manake linakuambia wapi upeleke mafunzo na wapi upeleke usimamizi au watumishi wa kusaidia. Bahati mbaya halimo kwenye MTUHA na haliwezi kuwemo.

Ya tatu ni kumuuliza mgonjwa, ambayo inaonekana rahisi lakini ina mtego. Ukimuuliza mama pale pale getini "umeridhika?" atasema nimeridhika, ahsante sana. Karibu wote watasema hivyo. Atasemaje vingine na mtoto bado ana homa na kesho atarudi kwa muuguzi yule yule? Sisi pia tumelelewa hivyo, hatumlalamikii mtu aliyetuhudumia. Usimuulize kama ameridhika, muulize vitu vilivyotokea. Ulikaa benchi muda gani? Alikugusa tumbo? Alikuambia mtoto ana nini? Dawa zote ulizoandikiwa umezipata hapa? Na muulize nyumbani kwake, siyo getini.

Na wale wa bodaboda mheshimiwa, wale ndo utafiti wenyewe. Kasulu kule Kigoma kuna watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakawauliza wanawake waliojifungulia kwenye vituo, wakakuta zaidi ya asilimia 40 walikipita kituo cha jirani wakaenda mbali zaidi. Hawa ni wanawake wa kijijini, wanalipa nauli, wengine uchungu umeshaanza. Mtu hafanyi hivyo kwa kutojua, anafanya kwa sababu alimsikia jirani yake kilichompata. Wanapima ubora kwa miguu yao na wanalipia kipimo wenyewe. Kwenye ripoti hata hivyo wilaya yako inapata sifa mara mbili, zahanati ipo ndani ya kilomita 5, na mama amejifungulia kituoni.

Kuna hesabu ya dunia nitakuwekea halafu twende kwenye ya kwako. Mwaka 2018 wataalamu chini ya Margaret Kruk, ambaye hata ile kazi ya Kasulu ni yake na wenzake, walikadiria kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kila mwaka wanakufa watu kama milioni 8.6 ambao mfumo mzuri wa afya ungewaokoa. Milioni 3.6 kwa kutokufika kwenye huduma. Milioni 5 walifika. Walitibiwa vibaya.

Sasa wewe ufanye nini, manake huwezi kuagiza utafiti wa vituo elfu moja. Kwanza barazani acha kuuliza "mmefikia asilimia ngapi", uliza "asilimia ya nani", hiyo namba ya chini mmeipata wapi. Ukiuliza hivyo vikao viwili mfululizo utaona slaidi zinabadilika zenyewe.

Halafu mwombe mratibu wa MTUHA wa wilaya akuwekee vitu viwili pembeni kwa pembeni, waliopimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka wakakutwa nayo mwezi huo, na dozi za mseto zilizotoka stoo mwezi huo huo. Waliokutwa nayo 60 na dozi zilizotoka 140, basi kuna watu wanapewa mseto bila malaria, au dawa zinatoka kwa dirisha lisilo la wagonjwa. Kinyume chake, wagonjwa 140 na dozi 60, uliza hao 80 walikwenda wapi. Hii haitaki mtaalamu na haimtuhumu mtu, ni namba mbili ambazo tayari zipo na mara nyingi hazijawahi kuwekwa karatasi moja.

Na kama kamati ya zahanati iko hai wape kazi hii: watu 19. Kuna njia ya sampuli ndogo inayotumika sana kwenye afya, unachukua kaya 19 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kweli kweli, siyo zile za karibu na barabara na siyo zile za ndugu wa mwenyekiti, unauliza maswali mafupi yenye jibu moja kati ya mawili. Mfano kwa mama mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja: siku ya kujifungua ulikwenda zahanati yetu au uliipita? mtoto ana chanjo zake kwenye kadi, nionyeshe? Kama wilaya inasema chanjo imefika asilimia 80, basi kwenye hao 19 inatakiwa angalau 13 wawe nayo. Wakiwa 9 au 10 hujapata asilimia kamili ya kata yako, ila umepata sababu nzuri sana ya kusimama barazani. Ni siku mbili za kutembea na daftari moja.

Nyota tatu usizikatae lakini. Zahanati iliyotoka sifuri ikafika tatu imefanya kazi na hao watumishi wanahitaji kusikia hivyo kutoka kwa diwani wao, hasa yule anayekesha peke yake. Nenda siku isiyo ya kikao, kaa kwenye benchi na wagonjwa kama mgonjwa, ukae mpaka wapite zaidi ya 15 kwa sababu ile ya Arusha. Ukirudi niandikie walipima pumzi za watoto wangapi, na saa ya ukutani ilikuwa inatembea au ilisimama.